Nadar, mpiga picha aliyeurudishia uso wa mtu heshima yake

Katika studio za picha zilizoko mitaa ya Rohero, katikati ya jiji la Bujumbura, mteja huketi juu ya kigoda mbele ya pazia lisilo na ua wala mchoro. Mpiga picha humwomba ainue kidevu, ageuke kidogo, aiache mikono itulie. Taa huwekwa upande mmoja ili shavu moja lipate mwanga na jingine lipate kivuli. Dakika chache baadaye mteja huondoka na picha nne za pasipoti, au na picha moja kubwa ya harusi itakayotundikwa sebuleni Buyenzi, Bwiza au Kinama kwa miaka mingi ijayo.

Pazia tupu, mwanga wa upande na mazungumzo mafupi ya kumtuliza mteja ni mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida kabisa. Lakini kila jambo lina aliyelitangulia. Miongoni mwa waliotangulia kuamini kwamba uso wa mtu peke yake, bila nguzo za bandia wala mapazia ya kifahari, unatosha kuwa sanaa, ni Mfaransa mmoja wa karne ya 19 aliyejulikana duniani kwa jina moja tu: Nadar.

Maisha yake yalijaa umaarufu na madeni, ushindi na ajali. Yaligusa magazeti, mahakama, anga, mapango ya chini ya ardhi na vita. Yanagusa pia, kwa njia isiyotarajiwa, historia ya Waafrika na jinsi walivyotazamwa na kamera ya Ulaya.

Mtoto wa mchapishaji aliyefilisika

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gaspard-Félix Tournachon. Alizaliwa Paris mwezi wa Aprili 1820. Baba yake, Victor Tournachon, alikuwa mchapishaji wa vitabu mwenye asili ya Lyon. Nyumba ilikuwa na vitabu vingi, lakini biashara haikudumu. Baba alifilisika, afya ikamwacha, na alipofariki mwaka 1837 Félix alikuwa kijana wa miaka 17 mwenye mama na mdogo wake, Adrien, wa kuwatunza.

Alianza kusomea udaktari mjini Lyon, lakini fedha hazikutosha. Akageukia magazeti, kwanza Lyon, kisha Paris. Huko aliingia katika kundi la vijana waandishi na wachoraji waliokuwa wakiishi kwa mkopo, wakishiriki koti moja la baridi na mlo mmoja kwa siku. Ndani ya kundi hilo palikuwa na mchezo wa kuongeza silabi mwishoni mwa maneno. Tournachon akawa Tournadar, na Tournadar ikafupishwa kuwa Nadar. Utani wa marafiki ukageuka kuwa jina la maisha.

Mwaka 1848, mapinduzi yalipotikisa Ulaya, Nadar alijiunga na kikosi cha watu waliojitolea kwenda kuisaidia Poland kupata uhuru. Safari haikufika mbali. Alikamatwa katika nchi za Wajerumani akawekwa kizuizini, kisha akarejea Ufaransa. Alitoka huko na chuki dhidi ya utawala wa kimabavu, nayo haikumtoka mpaka mwisho wa maisha yake.

Aliporudi alijulikana zaidi kama mchora vibonzo. Magazeti ya dhihaka kama Le Charivari yalichapisha kazi zake. Mwaka 1854 alitoa karatasi moja kubwa iliyokuwa na waandishi karibu 250 wa Ufaransa wakiandamana kwa msururu mrefu, kila mmoja na kichwa kikubwa juu ya mwili mdogo. Aliiita Panthéon Nadar. Sifa zilikuja, fedha hazikuja. Hata hivyo kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo lingemfaa baadaye: kuutazama uso wa mtu kwa haraka na kutambua ni mstari upi unaobeba tabia yake.

Jina, ndugu na mahakama

Upigaji picha ulikuwa bado kijana. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeutangazia ulimwengu uvumbuzi wa Louis Daguerre mwaka 1839. Kufikia katikati ya miaka ya 1850, mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha yalikuwa yakiachwa, na mahali pake pakaja mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodioni, dawa iliyopaswa kutumika ikiwa bado mbichi. Mpiga picha alilazimika kulitayarisha bamba gizani, kulipeleka kwenye kamera, kupiga, kisha kulisafisha kwa dawa, yote hayo ndani ya dakika chache. Kosa moja dogo liliharibu kila kitu. Lakini bamba la kioo lilikuwa na faida kubwa: kutoka katika kioo kimoja zilipatikana nakala nyingi za karatasi.

Nadar aliingia katika fani hiyo kwa sababu ya familia. Alimlipia Adrien mafunzo kwa mpiga picha mashuhuri Gustave Le Gray, akitumaini kwamba mdogo wake atapata kazi ya kumtunza. Adrien akafungua studio. Nadar naye akajifunza, akaanza kuwapiga picha marafiki zake nyumbani, na mwaka huohuo wa 1854 akamuoa Ernestine Lefèvre.

Kwa muda mfupi ndugu hao wawili walifanya kazi pamoja. Picha zao za msanii wa maigizo ya kimya Charles Deburau, akiwa amevaa mavazi meupe ya Pierrot, zilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1855. Kisha uhusiano ukavunjika. Adrien alianza kutia saini kazi zake kwa jina la Nadar mdogo, na wateja wakachanganyikiwa. Kaka mkubwa akaenda mahakamani kumzuia.

Kesi ilidumu hadi Desemba 1857, na Félix akashinda. Hoja yake ilivuka mipaka ya ugomvi wa familia. Alidai kwamba kanuni za dawa na matumizi ya mashine yanaweza kufundishwa kwa siku chache, lakini hisia ya mwanga na uwezo wa kumwelewa mtu aliyeketi mbele ya kamera havifundishiki. Kwa hiyo picha ina mwenyewe, kama vile shairi lina mshairi wake. Kwa wakati ambapo wengi waliona kamera kuwa chombo cha fundi tu, mabishano hayo yalikuwa na uzito mkubwa. Ushindi huo, hata hivyo, ulipatikana kwa gharama ya undugu.

Uso bila mapambo

Biashara ya picha wakati huo ilikuwa ikichangamka. Mwaka 1854 Mfaransa mwingine, Disdéri, alisajili hataza ya picha ndogo za ukubwa wa kadi, ambazo nane ziliweza kupatikana kwenye bamba moja. Watu wa tabaka la kati walimiminika studio. Waliwekwa kando ya nguzo za kuigiza, mapazia mazito na meza zenye vitabu ambavyo hawakuwahi kuvisoma, ili waonekane mabwana na mabibi wakubwa.

Nadar alichukua njia nyingine katika miaka yake ya mwanzo. Aliondoa samani. Aliweka pazia moja la rangi tulivu. Aliacha mwanga wa jua uingie kutoka juu na upande mmoja, akauelekeza kwa vitambaa na vioo. Aliwapendelea watu waliovaa nguo nyeusi ili macho na mikono yao ing'ae. Zaidi ya yote, alizungumza nao. Mtu aliyecheka, aliyebisha au aliyezama katika mawazo alisahau kidogo kwamba anapigwa picha, na hapo ndipo uso wake ulipojitokeza.

Orodha ya waliopita mbele ya kamera yake ni kama historia ya utamaduni wa Ufaransa ya karne ile: mshairi Charles Baudelaire, mchoraji Eugène Delacroix, mwandishi George Sand, mwanamuziki Rossini. Karibu mwaka 1864 alimpiga picha msichana mwigizaji ambaye bado hakuwa na jina kubwa, akiwa amejifunika kitambaa kizito, mabega wazi, macho yakitazama mbali. Alikuwa Sarah Bernhardt, ambaye baadaye angekuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake.

Baudelaire ni mfano wa kipekee. Mwaka 1859 aliandika kwa ukali dhidi ya upigaji picha, akiona kwamba unatishia sanaa ya kweli. Lakini alikuwa rafiki wa Nadar, na aliketi mbele ya kamera yake zaidi ya mara moja. Leo watu wengi wanaofikiria sura ya mshairi huyo wanaiona kwa jicho la Nadar.

Dumas na Maria

Katika picha hizo zipo mbili ambazo msomaji wa Afrika hawezi kuzipita haraka.

Ya kwanza ni ya Alexandre Dumas, mwandishi wa riwaya za Musketia Watatu na Le Comte de Monte-Cristo. Picha ya mwaka 1855 inamwonyesha akiwa ameketi, mwili mnene, nywele za msokoto, uso wenye bashasha ya mtu anayejiamini. Bibi yake mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mwanamke mtumwa katika koloni la Saint-Domingue, nchi ambayo leo inaitwa Haiti. Katika maisha yake Dumas alidhihakiwa mara nyingi kwa asili yake, na wachora vibonzo walizitia chumvi midomo na nywele zake. Nadar mwenyewe alikuwa ametoka katika kazi hiyo ya vibonzo. Lakini kwenye kamera hakuweka dhihaka. Anayeonekana pale ni mwandishi mkuu wa taifa.

Ya pili ni ya mwanamke anayejulikana kama Maria wa Antili, yaani wa visiwa vya Karibi. Nadar alimpiga picha kadhaa kati ya mwaka 1856 na 1859. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, miaka isiyozidi kumi na moja kabla ya picha hizo. Mwanamke huyo hakupewa mkuki wala kikapu, na nyuma yake hakukuchorwa mnazi. Ameketi mbele ya pazia lilelile, katika mwanga uleule uliowamulikia washairi, na uso wake una utulivu na uzito wa mtu mwenye mawazo yake.

Hata hivyo tofauti moja haifichiki. Washairi wana majina kamili, tarehe na vitabu. Maria ana jina moja, na maisha yake hayakuandikwa. Alikuja studio kama mfano wa kuchorwa, si kama mteja. Kamera ilimpa heshima ya sura, lakini haikumpa heshima ya historia.

Swali hilo liliendelea kulifuata jina la Nadar. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mpelelezi Pierre Savorgnan de Brazza, aliyetia saini mkataba na Makoko wa Wateke kwenye Mto Kongo mwaka 1880, alipigwa picha katika studio yenye jina la Nadar akiwa amevaa kama msafiri wa nchi za mbali. Picha hizo zilisaidia kumfanya shujaa machoni pa Wafaransa wakati bunge lao likiamua kuhusu Kongo. Afrika ilikuwa imeigizwa ndani ya chumba kimoja cha Paris. Studio iliyowahi kuondoa mapambo ili kumwonyesha mtu, sasa iliyarudisha mapambo ili kuuza safari ya ukoloni.

Angani na chini ya ardhi

Mwaka 1858 ni mwaka unaokumbukwa katika eneo la Maziwa Makuu. Ndipo msafara uliotoka Zanzibar, ukiongozwa na Waingereza Burton na Speke na kubebwa na wapagazi na wakalimani Waswahili, ulipofika kwenye Ziwa Tanganyika, ukapanda kaskazini kwa mitumbwi hadi Uvira, ng'ambo ya pwani ambako leo iko Bujumbura. Mwaka huohuo, mbali na hapo, Nadar alipanda juu ya vijiji vya kandokando ya Paris akiwa ndani ya kikapu cha puto, akajaribu kuipiga picha dunia kutoka angani.

Majaribio ya kwanza yalishindikana. Kila bamba lilitoka jeusi. Baada ya kufikiri sana aligundua kwamba gesi iliyotoka kwenye puto ilikuwa ikiharibu dawa iliyopakwa kwenye kioo. Alipofunga tundu la puto na kupanda tena, alipata picha hafifu ya nyumba na barabara. Inahesabiwa kuwa picha ya kwanza iliyopigwa kutoka angani, ingawa haikuhifadhiwa. Oktoba 1858 aliomba hataza akieleza kwamba picha za namna hiyo zingetumika kuchora ramani na kupima ardhi. Ramani za leo za miji, mashamba na mafuriko ya Mto Rusizi zinatokana na wazo hilohilo, ijapokuwa sasa kamera iko kwenye setilaiti.

Baada ya anga alishuka chini. Mwaka 1861 aliingia katika mapango ya Paris yanayohifadhi mifupa ya mamilioni ya watu iliyohamishwa kutoka makaburi ya zamani, kisha katika mifereji ya majitaka. Hakukuwa na jua, kwa hiyo alitumia taa ya umeme iliyopata nguvu kutoka kwenye betri nyingi zilizobebwa kwa mikono. Picha moja ilihitaji dakika kama 18, na hakuna mtu aliyeweza kusimama bila kutikisika kwa muda huo. Akavika masanamu nguo za wafanyakazi, akayapanga kati ya mafuvu na mikokoteni. Hivyo basi, mtu aliyeheshimu uso halisi alilazimika kumweka mwanasesere mahali pa mtu. Pamoja na hayo, alikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kupiga picha kwa mwanga wa umeme, na aliwaonyesha watu wa Paris sehemu ya mji wao ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Puto kubwa na ndoto ya kuruka

Kufikia mwaka 1860 Nadar alikuwa amehamia nambari 35 kwenye barabara ya Capucines. Jengo lilikuwa na paa na kuta za vioo, na saini yake kubwa ilienea mbele ya nyumba ikimulikwa kwa gesi usiku. Pango la nyumba na gharama za ukarabati zilimtia katika madeni. Ili kulipa, alilazimika kukubali wateja wengi na kupiga picha ndogo za biashara, zilezile alizokuwa akizikwepa. Kazi nyingi za studio zilifanywa sasa na wasaidizi.

Moyo wake ulikuwa angani. Aliamini kwamba puto halina mustakabali kwa kuwa linapelekwa na upepo, na kwamba siku moja binadamu ataruka kwa mashine nzito kuliko hewa. Ili kupata fedha za utafiti huo alitengeneza puto kubwa ajabu, Le Géant, lenye ujazo wa mita za ujazo 6,000 na kikapu cha ghorofa mbili. Liliruka mara ya kwanza Oktoba 4, 1863, mbele ya umati mkubwa. Katika safari ya pili, iliyoanza Oktoba 18, upepo ulilivuta hadi karibu na Hanover, Ujerumani, ambako liliburutwa ardhini kwa umbali mrefu. Nadar na mkewe Ernestine waliumia vibaya. Fedha zilizotarajiwa hazikupatikana.

Rafiki mmoja alizifuatilia ndoto hizo kwa karibu. Jules Verne alichapisha mwanzoni mwa mwaka 1863 riwaya yake kuhusu wasafiri watatu wanaoondoka Zanzibar kwa puto na kulivuka bara la Afrika hadi Senegal, wakitafuta njiani chanzo cha Mto Naili. Ni kitabu kilichobeba dharau za zama zake kwa Waafrika, na mwandishi wake hakuwa amekanyaga ardhi alizozieleza. Mto Naili nao ulibaki na siri yake hadi karne iliyofuata, ambapo chemchemi yake ya kusini kabisa ilitambuliwa Rutovu, Burundi, mwaka 1937. Katika riwaya nyingine ya mwaka 1865, kuhusu safari ya mwezini, Verne alimwita msafiri wake Ardan. Ukizipanga upya herufi za jina hilo, unapata Nadar.

Paris yazingirwa

Septemba 1870 majeshi ya Prussia yaliizingira Paris. Barabara, reli na nyaya za simu zilikatwa. Nadar, aliyekuwa na miaka 50, alikwenda kwenye kilima cha Montmartre akaanzisha pamoja na wenzake kikosi cha maputo. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa masimulizi ya maisha yake, alikuwa amekataa kumtumikia mfalme Napoleon wa Tatu katika upelelezi wa kijeshi. Sasa mji wake ulipokuwa hatarini, hakusita.

Septemba 23 puto la kwanza, Neptune, lilivuka mistari ya adui likiwa limebeba barua. Oktoba 7 waziri Léon Gambetta aliruka kutoka Montmartre kwenda kuandaa majeshi mapya mikoani. Maputo zaidi ya 60 yaliondoka Paris kabla ya mzingiro kumalizika Januari 1871. Majibu yalirudi kwa njiwa waliobeba barua zilizopunguzwa kwa njia ya picha hadi kuwa ndogo kama ukucha. Watu waliokatiwa mawasiliano na jamaa zao, jambo linalofahamika vizuri na kila familia iliyowahi kukimbia vita, walipata habari kwa sababu ya puto na kamera.

Nadar alitoka katika vita hivyo bila fedha. Aliiacha studio ya barabara ya Capucines akahamia mahali padogo zaidi.

Chumba kilichozaa wachoraji wapya

Ndani ya jengo hilo aliloliacha, Aprili 15, 1874, kundi la wachoraji waliochoshwa na kukataliwa na maonyesho rasmi lilifungua maonyesho yake lenyewe. Walikuwemo Monet, Renoir, Degas, Pissarro, Cézanne na Berthe Morisot. Mkosoaji mmoja wa gazeti aliwadhihaki kwa kutumia jina la mchoro wa Monet uliohusu taswira ya jua linapochomoza, na dhihaka hiyo ikawa jina lao: Waimpreshonisti. Tapo lililobadilisha uchoraji wa dunia lilianzia katika vyumba vya mpiga picha.

Uhusiano huo ulikuwa na maana. Kamera ilikuwa imewapokonya wachoraji kazi ya kunakili sura, na kwa kufanya hivyo ikawapa uhuru wa kuchora mwanga, mwendo na hisia.

Mzee na mwanawe

Miaka iliyofuata mwanawe Paul, aliyezaliwa mwaka 1856, alichukua uongozi wa studio. Mei 1885 Nadar alimpiga picha Victor Hugo akiwa kitandani baada ya kufariki, ndevu nyeupe zikimezwa na mwanga. Mwaka 1886 baba na mwana walifanya jambo jipya katika uandishi wa habari. Nadar alizungumza na mwanakemia Michel-Eugène Chevreul, aliyekuwa akitimiza miaka 100, huku Paul akipiga picha moja baada ya nyingine. Zilichapishwa gazetini pamoja na maneno ya mzee huyo. Yahesabiwa kuwa mahojiano ya kwanza ya picha, mzazi wa mahojiano yote yanayoonekana leo kwenye televisheni.

Ernestine alipatwa na kiharusi kilichomharibia usemi. Ipo picha yake ya uzeeni, nywele nyeupe, akiwa ameshika ua karibu na midomo. Wataalamu hawajakubaliana kama aliipiga Nadar au Paul, lakini wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa picha nzuri kuliko zote zinazohusishwa na jina hilo. Hakuna umaarufu ndani yake, ila mwanamke aliyependwa kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 77, Nadar alihamia Marseille akafungua studio nyingine. Mwaka 1900 alichapisha kumbukumbu zake za upigaji picha, na kazi zake zikaonyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Julai 1909 Louis Blériot aliruka kwa ndege kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Mashine nzito kuliko hewa ilikuwa imeshinda, na mzee aliyedhihakiwa miaka 46 kabla alimtumia rubani huyo salamu za pongezi. Ernestine alifariki mwaka huohuo. Nadar alimfuata Machi 1910, karibu atimize miaka 90, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise.

Kutoka Paris hadi Rohero

Kamera ilipofika Burundi haikuja na pazia la Nadar. Mjerumani Hans Meyer alitembelea nchi mwaka 1911, na kitabu chake kuhusu Warundi, kilichotoka mwaka 1916, kilikuwa na picha za watu waliopangwa kama vielelezo vya kabila na maumbile. Katika enzi ya Ubelgiji, Casimir Zagourski, mzaliwa wa Ulaya Mashariki mwenye studio Léopoldville, alisambaza kadi za picha za Kongo na Ruanda-Urundi chini ya jina la Afrika inayotoweka. Ni picha nzuri kwa jicho, lakini wengi wa waliomo hawana majina. Wamebaki katika hali ya Maria.

Mabadiliko yalikuja pale Waafrika wenyewe walipokuwa wateja na wapiga picha. Mtu aliyelipa kwa fedha yake alichagua nguo yake, mkao wake na siku yake. Mjini Bamako, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, na picha zake za watu wa kawaida zimekuja kuwekwa katika majumba ya makumbusho duniani. Katika miji ya pwani ya Waswahili na kandokando ya Ziwa Tanganyika, studio zilikuwa mahali pa sikukuu ya Idi, pa ndoa na pa kuagana na msafiri.

Burundi inajua vyema nguvu ya uso mmoja kwenye picha. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeungwa mkono kwa moyo na wakazi Waswahili wa Buyenzi na Bwiza, aliuawa Oktoba 13, 1961, wiki chache baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi. Watoto waliozaliwa baada yake wamemjua kwa picha. Uso wake umechapishwa kwenye noti, na barabara kuu ya Rohero inaitwa kwa jina lake.

Zipo pia picha zisizochapishwa popote. Katika misukosuko iliyoikumba nchi, familia nyingi zilikimbia bila kubeba albamu. Kwa baadhi yao, kipande kimoja cha karatasi kilichobaki kwa shangazi au jirani ndicho ushahidi pekee kwamba baba au dada aliishi, alivaa suti siku moja, aliketi mbele ya pazia na kutazama mbele bila woga.

Hapo ndipo maisha ya Nadar yanapopata maana mbali na Paris. Alitetea mahakamani kwamba picha ina mwenyewe. Kazi zake bora zinaonyesha kwamba mtu anastahili kutazamwa kwa subira. Na kwa kumwacha Maria bila jina kamili, zinaonyesha pia kile ambacho kamera haiwezi kufanya peke yake. Mwanga huhifadhi sura. Jina huhifadhiwa na kalamu, nyuma ya picha, na mtu anayekumbuka, kabla kumbukumbu haijaondoka naye.